Utafutaji kwa Sauti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watumiaji na Wafanyabiashara

Maswali haya ni yale yanayorudiwa na watu wa makundi mawili: wanaotumia maikrofoni ya simu kutafuta habari mtandaoni, na wanaouza bidhaa au huduma na wanataka kujua kama wateja wao watawapata kwa njia hiyo. Msomaji anayetaka mambo ya biashara pekee anaweza kuanzia sehemu ya nne, ingawa majibu mengi ya huko yanategemea sehemu ya pili inayohusu Kiswahili.

## 1. Mambo ya msingi

Utafutaji kwa sauti ni nini hasa?

Ni kuuliza swali kwa kusema badala ya kuliandika. Kuna namna mbili ambazo huchanganywa. Ya kwanza ni kugusa alama ya maikrofoni katika kisanduku cha kutafutia au kwenye kibodi ya simu: maneno yako yanageuzwa kuwa maandishi, na matokeo yanakuja katika orodha ileile ya siku zote. Ya pili ni kuzungumza na msaidizi wa sauti, kama vile Siri ya Apple, Alexa ya Amazon, au Google Assistant na Gemini za Google, ambaye anasikia swali, anachagua jibu na kulisoma kwa sauti.

Tofauti hii si ndogo. Namna ya kwanza inabadilisha jinsi tunavyouliza tu, ilhali ya pili inabadilisha pia jinsi tunavyojibiwa, kwa sababu orodha ya viungo kumi inapungua na kuwa jibu moja. Karibu kila swali la kibiashara katika ukurasa huu linarejea kwenye jambo hilo.

Simu inaelewaje ninachosema?

Maikrofoni hupima mawimbi ya sauti yako mara nyingi sana kwa sekunde. Kwa usemi wa binadamu kiwango kinachotumika sana ni vipimo 16,000 kwa sekunde. Vipimo hivyo hugeuzwa kuwa ramani inayoonyesha nguvu ya sauti katika masafa mbalimbali, kisha programu iliyofunzwa kwa rekodi nyingi za watu wakizungumza hukisia vipande vya maneno vinavyolingana na ramani hiyo. Sauti peke yake haitoshi, kwa hiyo programu huzingatia pia maneno yanayokaa pamoja katika lugha: mtu anayetaja Kariakoo baada ya kusema «bei ya» ana uwezekano mkubwa wa kuuliza kuhusu mchele kuliko kuhusu mchezo, hata kama silabi ya mwisho haikusikika vizuri.

Baada ya hapo yanayotafutwa ni maandishi, si sauti. Ndiyo maana kosa la kusikia huwa kosa la kutafuta, na ni busara kutazama maneno yaliyoandikwa kwenye skrini kabla ya kulaumu matokeo.

Teknolojia hii ilianza lini?

Google iliweka utafutaji kwa sauti katika programu yake ya iPhone mwaka 2008. Siri iliingia sokoni pamoja na iPhone 4S Oktoba 2011, na Amazon ikaleta spika ya Echo yenye Alexa Novemba 2014. Lakini kusikia maneno kulikuwa nusu tu ya kazi. Mtu anayeandika hukata maneno, «hoteli bei nafuu Arusha», ilhali anayesema hutoa sentensi kamili: «Naweza kupata wapi hoteli ya bei nafuu Arusha karibu na stendi?» Mabadiliko ambayo Google iliyafanya katika mfumo wake mwaka 2013, yaliyopewa jina la Hummingbird, na baadaye BERT mwaka 2019, yalilenga kuelewa uhusiano wa maneno ndani ya sentensi nzima. Bila hayo, maikrofoni nzuri isingesaidia sana.

Je, ni kweli kwamba nusu ya utafutaji wote sasa hufanywa kwa sauti?

Dai hilo halina msingi, na limesambaa mno. Chanzo chake ni utabiri wa Andrew Ng, ambaye mwaka 2014 alikuwa mwanasayansi mkuu wa kampuni ya Baidu ya China. Alisema kwamba katika miaka mitano angalau nusu ya utafutaji ungefanywa kwa sauti au kwa picha. Watu wa masoko waliurudia utabiri huo huku wakidondosha neno «picha», kisha wakausema kana kwamba ni kipimo kilichofanyika. Takwimu yenye chanzo kinachojulikana ni ile ya Google ya Mei 2016: kwamba moja kati ya tano ya maswali yaliyopitia programu yake na simu za Android nchini Marekani yaliulizwa kwa sauti. Hiyo ni nchi moja, vifaa vya aina fulani na mwaka mmoja. Mtu anayekuuzia huduma akianza na dai la nusu, mwulize limetoka wapi.

## 2. Kiswahili na maikrofoni

Kiswahili kinatambuliwa?

Ndiyo, ingawa si kila mahali. Google ilikiongeza Agosti 2017 katika kundi la lugha 30 lililokuwa pia na Kiamhari, na katika mipangilio ya sauti kuna Kiswahili cha Kenya na Kiswahili cha Tanzania vikiwa vimetenganishwa. Whisper, mfumo wa kugeuza usemi kuwa maandishi uliotolewa na OpenAI mwaka 2022, unakiandika Kiswahili, lakini kati ya saa 680,000 za sauti zilizotumika kuufunza, zilizokuwa za Kiswahili zilikuwa chache mno, na upungufu huo unaonekana katika makosa yake. Meta nayo ilitoa mwaka 2023 mifumo inayogusa lugha zaidi ya 1,100, Kiswahili kikiwemo. Kwa upande mwingine, hadi mwaka 2025 Siri na Alexa zilikuwa hazizungumzi Kiswahili.

Kazi inayostahili kutajwa kwa heshima ni ile ya Common Voice, mradi wa Mozilla ambamo watu wa kawaida hujitolea kusoma sentensi na kuhakiki rekodi za wenzao. Mwaka 2021 mradi huo ulipata dola milioni 3.4 kwa ajili ya kukuza Kiswahili, na rekodi zake ziko wazi kwa yeyote kuzitumia bila malipo, hata mwanafunzi wa chuo anayejaribu kutengeneza mfumo wake mwenyewe. Kila anayesoma sentensi chache pale anaacha kitu ambacho kampuni kubwa na ndogo zitakitumia sawasawa.

Kwa nini simu yangu inanisikia vibaya?

Anza na mipangilio. Simu nyingi huuzwa zikiwa zimewekwa Kiingereza, na mfumo wa Kiingereza unaposikia «nauli ya Mwanza» utatafuta maneno ya Kiingereza yanayofanana. Fungua mipangilio ya sauti ya programu ya Google au ya kibodi, ongeza Kiswahili cha nchi yako, na jaribu tena.

Ikiwa lugha imewekwa sawa na makosa bado yapo, mara nyingi sababu ni kuchanganya lugha. Mazungumzo ya mijini hupita kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza na kurudi ndani ya sentensi moja, na Sheng ya Nairobi hubadilika haraka kuliko rekodi zinazotumika kufunza mifumo. Majina ya mahali na ya watu huleta taabu kwa sababu hayamo katika mifano ya kutosha. Muundo wa Kiswahili wenyewe nao una mchango: kitenzi kimoja kama «nitakapompigia» kinabeba nafsi, wakati na mtendwa, na silabi moja ikisikika vibaya maana yote inageuka. Sema kwa mwendo wako wa kawaida, pasipo kukata silabi moja moja, kwa kuwa mifumo imefunzwa kwa usemi wa kawaida. Kelele za pikipiki au redio jirani nazo huharibu.

Nazungumza Kiswahili cha Lubumbashi, cha Mombasa au cha Unguja. Nitaeleweka?

Utaeleweka kwa sehemu. Kama ilivyoelezwa juu, mipangilio ya Google inataja Kenya na Tanzania peke yake, kwa hiyo msemaji wa Congo anayeingiza maneno ya Kifaransa, na Mswahili anayeishi ng'ambo anayeingiza ya Kiarabu cha Ghuba, watakutana na makosa mengi zaidi. Kwa sasa njia inayofaa ni kuchagua mpangilio ulio karibu na usemi wako na kutamka majina ya vitu kwa Kiswahili sanifu pale panapowezekana. Dawa ya kudumu ni rekodi za lahaja hizo zenyewe, na Common Voice humruhusu mchangiaji kutaja lahaja yake. Lahaja isiyorekodiwa haitasikika, na hilo ni jambo la wenye lahaja kulisimamia bila kusubiri kampuni ya California.

Niliuliza duka linafungwa saa ngapi, nikaambiwa saa isiyo sahihi. Tatizo ni nini?

Tatizo ni hesabu ya saa. Mifumo hii imejengwa juu ya saa inayoanza usiku wa manane, ilhali sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza. Duka linalofungwa saa 20:00 linafungwa, kwa usemi wetu, saa mbili usiku, na sauti inayosoma «saa nane usiku» imetafsiri tarakimu bila kuielewa saa. Kosa hilo hutokea pia unapoomba kuamshwa saa kumi na mbili asubuhi. Hakikisha kwenye skrini, na kwa jambo lisilovumilia makosa, kama safari ya basi au dawa ya mgonjwa, weka saa kwa mkono. Wafanyabiashara watazame pia swali la «Niandike nini?» katika sehemu ya nne.

Nauliza kwa Kiswahili, lakini majibu yanakuja kwa Kiingereza au ni ya ovyo. Kwa nini?

Hili ndilo swali zito kuliko yote hapa. Watu hudhani kizuizi ni maikrofoni. Kizuizi cha maikrofoni kimepungua sana, na Google ilipoipeleka BERT katika lugha zaidi ya 70 Desemba 2019, Kiswahili kilikuwa mojawapo. Kilichobaki ni kwamba injini ya utafutaji inaweza kuleta tu kile ambacho mtu amekiandika. Mama anayeuliza kwa Kiswahili safi jinsi ya kutibu kideri cha kuku, au mkulima wa Mbozi anayeuliza muda wa kuvuna kahawa, anasikika vizuri, kisha anapewa ukurasa wa Kiingereza uliotungwa kwa ajili ya mfugaji wa Ohio, au tafsiri ya mashine isiyosomeka, au habari ya burudani iliyotokea kuwa na maneno mawili yanayolingana na yake.

Habari nyingi muhimu za Kiswahili zipo, lakini zimefungiwa mahali ambapo utafutaji haufiki: katika vijitabu vya mafunzo vilivyochapishwa na kugawiwa, katika picha za matangazo ambamo maandishi ni sehemu ya picha, katika makundi ya WhatsApp, katika vipindi vya redio visivyo na maandishi. Halmashauri inayopiga picha tangazo lake la chanjo ya mifugo na kulituma kwenye makundi imewafikia waliomo katika makundi hayo tu. Ingeliandika kwa maneno kwenye ukurasa wake, anayeuliza kwa sauti mwezi ujao angelipata. Ofisi za umma, shule, zahanati, vyama vya ushirika na wafanyabiashara wakiandika majibu ya kweli kwa Kiswahili cha kueleweka, utafutaji kwa sauti utakuwa na faida kwa msemaji wa Kiswahili. Wasipoandika, tutakuwa na mashine inayotusikia vizuri na isiyo na la kutujibu.

## 3. Kwa mtumiaji: gharama, usalama na uaminifu

Je, unakula bando?

Kidogo sana. Sauti ya usemi iliyopimwa kwa kiwango kilichotajwa katika sehemu ya kwanza, bila kubanwa kabisa, ni takriban kilobaiti 32 kwa sekunde. Swali la sekunde tano ni kilobaiti 160 hivi, na kwa kawaida hubanwa likawa dogo zaidi. Kinachokula bando ni kurasa na video unazofungua baada ya swali.

Nina simu ya kitochi. Naweza kuutumia?

Kitochi cha kawaida kisicho na intaneti hakiwezi. Zipo simu za vitufe zinazotumia mfumo wa KaiOS, ambazo Google Assistant iliwekwa ndani yake. Katika simu hizo maikrofoni ilikuwa na manufaa ya pekee, kwa sababu kuandika sentensi kwa vitufe kumi na viwili ni kazi ya kuchosha.

Unawasaidia wasioona na wasiojua kusoma?

Kwa wasioona, sana. Maikrofoni ikitumika pamoja na kisoma skrini, TalkBack kwenye Android au VoiceOver kwenye iPhone, mtu anaweza kuuliza, kusikia matokeo na kufungua ukurasa bila msaada wa mwingine. Wasiojua kusoma wanasaidiwa nusu njia. Wanaweza kuuliza, lakini mara nyingi jibu la Kiswahili linaletwa kwa maandishi, na kama hakuna sauti ya kulisoma wanabaki palepale. Wengi wao huishia kwenye video, na ni haki yao. Anayeandaa elimu ya afya au kilimo aweke maelezo ya kusikika kando ya maandishi.

Simu inanisikiliza muda wote?

Msaidizi anayeitwa kwa neno maalumu hulazimika kusikiliza ili alitambue neno hilo. Ukaguzi huo umebuniwa ufanyike ndani ya kifaa, na sauti inatumwa nje baada ya neno kusikika. Shida ni pale kifaa kinapodhani kimeitwa. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba Amazon, Google na Apple zilikuwa na watu waliosikiliza baadhi ya rekodi ili kuboresha mifumo, zikiwemo zilizonaswa kwa bahati mbaya. Apple ilisimamisha zoezi hilo Agosti mwaka huo, na Januari 2025 ikakubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi iliyoihusu Siri. Amazon nayo mwaka 2023 ilikubali kulipa dola milioni 25 nchini Marekani katika shauri la kuhifadhi rekodi za sauti za watoto waliotumia Alexa.

Usipohitaji kumwita msaidizi kwa neno, lizime. Maikrofoni ya kugusa inatosha.

Nifuteje rekodi zangu, na sheria inasemaje?

Kwa Google, ingia myactivity.google.com ukitumia akaunti yako. Hapo utaona maswali uliyouliza, na unaweza kuyafuta na kusimamisha uhifadhi wake. Kwenye iPhone, historia ya Siri hufutwa katika mipangilio ya Siri.

Kisheria sauti yako inayokutambulisha ni taarifa binafsi. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, Uganda nayo ina yake ya mwaka huohuo, Rwanda ya mwaka 2021, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyounda tume ya kupokea malalamiko. Biashara inayorekodi sauti za wateja, hata kwa nia njema, inaguswa na sheria hizi.

Naweza kuamini jibu moja linalosomwa kwa sauti?

Kwa swali kama mji mkuu wa Uganda, ndiyo. Kwa afya, fedha na sheria, hapana, mpaka uone limetoka wapi. Jibu la sauti huondoa vile vitu tunavyotumia kupima ukweli: jina la tovuti, tarehe, na majibu mengine ya kulinganisha.

Hatari kubwa kuliko zote kwa sasa ni namba za huduma kwa wateja. Matapeli huweka mtandaoni namba zao wakijifanya benki au kampuni ya simu, wakitegemea kwamba mtu aliyekwama atauliza haraka na kupiga namba ya kwanza. Namba ya benki ichukue nyuma ya kadi yako au ndani ya programu rasmi, na anayekuomba namba ya siri hata kama umempigia wewe, kata simu.

## 4. Kwa mfanyabiashara

Kitu gani kinabadilika kwa biashara yangu?

Mambo matatu, na hayana uzito sawa. Maswali yanakuwa marefu na ya kawaida, kama mteja anavyomwuliza mtu dukani. Mengi ni ya hapa na sasa: gereji iliyo wazi karibu, famasi ya usiku, fundi wa friji anayekuja nyumbani. Lililo zito ni kwamba majibu yanapungua. Kwenye skrini, biashara ya nne katika orodha bado huonekana. Anaposoma msaidizi, huenda ya pili isitajwe kabisa. Kwa hiyo usahihi wa taarifa zako unakuwa na thamani kubwa kuliko wingi wa matangazo yako.

Sina tovuti. Nianzie wapi?

Anza na Wasifu wa Biashara kwenye Google, ambao hadi mwaka 2021 uliitwa Google My Business. Kuufungua ni bure. Yeyote anayekudai ada ya kusajiliwa kwenye ramani anakuuzia kazi yake, si nafasi. Google itataka kuthibitisha kuwa biashara ni yako, na siku hizi mara nyingi huomba video fupi inayoonyesha eneo, bango na vifaa vya kazi, kwa hiyo uwe na bango lenye jina lilelile uliloliandika.

Jaza aina ya biashara kwa umakini, maana ndiyo inayoamua unatajwa katika maswali gani. Mwenye duka la vipuri vya pikipiki akichagua «duka» tu, amejificha. Weka saa za kufungua, na uzibadilishe Ramadhani, Krismasi na sikukuu za kitaifa. Mteja aliyeambiwa kwa sauti kwamba mko wazi, akapanda bodaboda na kukuta mlango umefungwa, harudi. Weka namba inayopokelewa. Pandisha picha za kweli za mlango na barabara inayokuja kwako. Waombe wateja walioridhika waandike maoni, na wataje walichonunua, kwa kuwa maneno ya maoni huisaidia injini kujua unauza nini. Usinunue maoni.

Mtaa wangu hauna jina. Ramani itanipataje?

Weka alama ya ramani mwenyewe, juu ya mlango hasa. Google pia ina Plus Codes, misimbo mifupi inayotaja eneo dogo bila kuhitaji jina la mtaa. Tanzania Bara na Zanzibar, operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 iliweka majina ya barabara na namba za nyumba mahali pengi. Tumia anwani hiyo kama unayo. Kisha katika maelezo taja alama ambayo wenyeji huitumia, «mkabala na msikiti», «nyuma ya soko», kwa sababu ndivyo watu watakavyouliza.

Niandike nini kwenye tovuti au ukurasa wangu?

Andika maswali ambayo wateja wanakuuliza, kwa maneno yao, na jibu kila moja katika sentensi ya kwanza kabla ya kueleza zaidi. Hazina ya maswali hayo unayo tayari: sauti ambazo wateja wanakutumia kwenye WhatsApp. Zisikilize za mwezi mmoja na uandike maswali kama yalivyosemwa. Utaona kwamba anayetaka huduma yako hasemi «suluhisho la usafirishaji wa mizigo», anauliza, «Mnatuma mzigo Kigoma kwa siku ngapi, na gunia moja ni shilingi ngapi?» Ukurasa wenye swali hilo na jibu lake, bei ikiwemo, unafaa kusomwa kwa sauti. Ukurasa unaojisifu haufai.

Tumia maneno ya eneo lako. Anayeishi Dar es Salaam hutafuta sheli na daladala, wa Nairobi hutafuta matatu, na duka la dawa linaweza kuulizwa kama famasi. Taja majina yote mawili ndani ya sentensi za kawaida. Kuhusu saa, katika wasifu wa Google jaza kwa mfumo unaotakiwa, 09:00 hadi 20:00, na katika maandishi ya Kiswahili andika «saa 3:00 asubuhi hadi saa 2:00 usiku», ili msomaji asibaki akikisia.

Bei ni jambo ambalo wafanyabiashara wengi hulificha kwa kusema «karibu inbox». Ni haki yao, lakini anayeuliza bei kwa sauti atapewa ya jirani aliyeiandika.

Nimeambiwa niweke alama maalumu za data ili nisomwe kwa sauti. Ni lazima?

Alama za data ni maelezo yanayowekwa ndani ya ukurasa ili mashine iyasome. Zile zinazotaja jina, anwani, simu na saa za biashara zinasaidia na hazina gharama kubwa. Alama ya maandishi ya kusomwa kwa sauti ni jambo jingine: Google iliianzisha kwa majaribio, kwa tovuti za habari za Kiingereza nchini Marekani. Alama za maswali na majibu nazo, Agosti 2023 Google ilizibakiza katika matokeo kwa tovuti zinazoaminika za serikali na za afya tu. Duka la Kiswahili halina sababu ya kulipia hizo mbili.

Nitajuaje wangapi wamenipata kwa sauti?

Hutajua kwa hesabu kamili. Search Console, zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi anavyopatikana, haitenganishi maswali yaliyosemwa na yaliyoandikwa, kwa hiyo ripoti inayokuonyesha idadi kamili ya wateja wa sauti inatokana na makisio. Tazama ishara: maswali marefu yanayoanza na «wapi», «bei gani» na «jinsi ya», simu zinazopigwa kutoka kwenye wasifu wako, na maombi ya kuelekezwa njia. Mwulize pia mteja mpya alivyokupata.

Siri huchukua wapi taarifa za biashara?

Siri, kwa mahali, hutegemea zaidi Apple Maps, na Januari 2023 Apple ilianzisha Business Connect, huduma ya mwenye biashara kurekebisha taarifa zake bure. Kwa wateja wa ndani wanaotumia Android, Google inatosha; Apple ipewe muda na wanaohudumia wageni (tazama sehemu inayofuata).

## 5. Hali za pekee

Jina la biashara yangu halitambuliki likitamkwa. Nilibadilishe?

Lijaribu kwanza kwenye simu tano au sita za watu tofauti. Likiandikwa vibaya kwa namna ileile kila mara, ambatanisha neno la kazi unayofanya, mradi liwe kweli sehemu ya jina lililosajiliwa na lililo kwenye bango, kwa sababu Google inakataza kuongeza maneno ya kutafutia katika jina. Anayefungua biashara mpya ajiepushe na tahajia za mapambo kama «Kwik» au «4U»: mteja hutamka, na mashine huandika tahajia ya kawaida.

Nina nyumba ya wageni Nungwi au Lamu. Wateja wangu hawaulizi kwa Kiswahili. Mambo haya yananihusu?

Yanakuhusu mara mbili. Kabla ya safari mgeni anauliza kwa lugha yake akiwa kwao: umbali kutoka uwanja wa ndege, kama bahari inaogeleka maji yakitoka, kama kuna feni au kiyoyozi. Ukurasa wenye majibu hayo kwa Kiingereza, na kwa Kiitaliano au Kijerumani ukimpata mtu anayeijua lugha vizuri, una faida. Akishafika anauliza akiwa barabarani, mara nyingi kwa iPhone, na hapo Apple Maps yenye alama iliyowekwa upande usio sahihi wa kijiji itampotezea saa nzima.

Mtu amebadilisha namba yangu ya simu kwenye ramani. Nifanyeje?

Ukiwa umethibitisha wasifu wako, ingia na uirudishe mara moja, kisha toa taarifa ya mabadiliko ya ulaghai ndani ya huduma yenyewe. Wajulishe wateja kwa njia zako nyingine, na kama fedha zimechukuliwa, fungua jalada polisi ukiwa na picha za skrini. Wasifu ambao mwenye biashara hajathibitisha kuwa ni wake ndio unaochezewa kwa urahisi, kwa hiyo uthibitishe hata kama huna mpango wa kuutumia. Wateja wanaoogopa namba bandia wasome jibu la mwisho la sehemu ya tatu.

Msaidizi wa akili unde (AI) anajibu kwa kutumia maandishi yangu, na hakuna anayefungua tovuti. Nimzuie?

Swali hili limeongezeka tangu Google ilipoanzisha muhtasari wa akili unde katika matokeo yake nchini Marekani Mei 2024, na ilipotangaza Machi 2025 kwamba Gemini itachukua nafasi ya Google Assistant kwenye simu. Njia ya kuzuia ipo: alama ya «nosnippet» huikataza Google kuonyesha kipande cha ukurasa wako katika matokeo na katika muhtasari huo, na kuna alama nyingine ya kuficha sehemu ya ukurasa tu.

Uamuzi unategemea unaishi kwa nini. Mwenye gereji au duka anapata fedha mteja anapofika, kwa hiyo jibu likisomwa bila tovuti kufunguliwa hajapoteza kitu, mradi limetaja jina na mahali pake, asizuie. Mwandishi wa habari au mtunzi wa masomo anaishi kwa wasomaji kufika kwenye ukurasa wenyewe, na malalamiko yake ni ya haki. Kwake, njia ya kati ni kuacha wazi sentensi zinazojibu swali la msingi, na kuficha kwa alama ile ya pili sehemu zilizobeba uchunguzi wake, mifano yake na hesabu zake, kisha alinganishe idadi ya wasomaji baada ya miezi michache kabla ya kuipanua kwenye kurasa zote.